Jibu: Taa ya injini na msimbo P0113

Ndugu yangu, nimekuelewa: taa ya injini ya Toyota yako imewaka, mashine ya kusoma hitilafu za gari imetoa msimbo P0113, na fundi anataka ununue sensa mpya ya joto la hewa inayoingia kwenye injini. Usinunue kwanza. Msimbo huo unasema tu kwamba volti ya sakiti (njia ya umeme) ya sensa imepanda kupita kiasi, jambo ambalo mara nyingi hutokana na waya uliokatika au soketi iliyolegea. Mimi niliwahi kubadilisha sensa bure, kumbe panya alikuwa ametafuna waya.

Asubuhi, kabla ya kuwasha injini, soma joto la hewa kwenye mashine. Likikaribiana na joto la nje, tuseme nyuzi 27 hapa Dar es Salaam, tikisa waya taratibu huku ukitazama namba, kwa kuwa huenda hitilafu inakuja na kuondoka. Likisoma nyuzi 40 chini ya sifuri, sakiti imekatika mahali. Chomoa soketi, kagua kutu kwenye pini, kisha pima ukinzani wa sensa (jinsi inavyozuia umeme) kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme: sensa nyingi husoma takriban kiloomu (omu elfu) 2 hadi 3 katika nyuzi 20, na hushuka joto linapopanda. Isiposoma chochote, sensa imekufa.

Angalizo moja: katika Toyota nyingi sensa hii imo ndani ya sensa ya kupima wingi wa hewa, yenye waya 5, hivyo usiunganishe waya kwa kubahatisha, usije ukaunguza kompyuta ya gari, hapo mwachie fundi umeme wa magari. Ukienda Kariakoo kutafuta kipuri, beba cha zamani ulinganishe namba.