Nyota zenye mikia: maswali yenu kuhusu vioo vya darubini

Nina darubini ya Newton (inayotumia vioo viwili, kikuu na kidogo) ya milimita 150, f/5 (yaani urefu wa fokasi ni mara 5 ya upana wa kioo kikuu). Kila nyota ina mkia, hata ikiwa katikati kabisa. Kioo kimeharibika?

Kwa kawaida kioo ni kizima, kimeinama tu. Kioo kikuu cha umbo la paraboli hukusanya mwanga vizuri pale unapoingia sambamba na mhimili wake. Ukiingia kwa mshazari, mwanga unaotoka ukingoni hutua kando ya ule wa katikati na kutawanyika. Huo ndio mkia, yaani kasoro ya koma. Kwenye f/5 eneo safi, lisilo na mkia, lina upana wa milimita 2.8 hivi; kwenye f/8 ni kama milimita 11. Ndiyo maana darubini fupi haina msamaha: kioo kikiinama kidogo tu, eneo hilo limeshahama.

Mikia ikiwa pembeni tu, yote ikielekea nje, usiguse skrubu za vioo. Hiyo ni tabia ya f/5, na dawa yake ni lenzi ya kusahihisha koma.

Niko Dar es Salaam. Maelekezo ya kupanga vioo yanasema nitumie Nyota ya Kaskazini, lakini siioni.

Wala hutaiona, kwa Dar haichomozi. Tumia Suheli (Canopus), nyota angavu ambayo jioni za Januari na Februari inakuwa juu vya kutosha upande wa kusini. Alfa ya Kantarusi iache: ni nyota pacha, itakuchanganya.

Anza mchana. Chungulia kwenye mrija wa fokasi, pale lenzi ya jicho inapokaa, kupitia kofia yenye tundu dogo katikati. Kaza au legeza skrubu tatu za kioo kidogo mpaka uone klipu zote zinazoshika kioo kikuu, kisha tumia skrubu za nyuma kuleta alama ya katikati ya kioo kikuu ilingane na tundu.

Usiku, iache darubini nje nusu saa ipoe. Weka lenzi ya jicho ya milimita 10 pamoja na Barlow ya mara 2 (lenzi ya kuongeza ukuzaji), upate ukuzaji wa mara 150. Toa fokasi kidogo sana: utaona pete zenye kivuli cheusi cha kioo kidogo katikati. Ukiitoa mbali, kivuli kitakaa upande hata vioo vikiwa sawa, kwa sababu kwenye f/5 kioo kidogo hufungwa kando kidogo makusudi. Pete zikiegemea upande mmoja, geuza skrubu moja ya nyuma sehemu ya nane ya mzunguko, rudisha nyota katikati, ndipo utazame. Wengi huruka hatua hiyo ya kurudisha, wakaishia kuifukuza nyota usiku kucha.

Nyota yangu ina pembe tatu.

Klipu zimekibana kioo. Zilegeze mpaka karatasi ipite chini yake. Ikiwa ni mstari unaogeuka nyuzi 90 ukivuka fokasi, hiyo ni astigmatizimu: zungusha lenzi ya jicho, na mstari ukizunguka nayo, tatizo ni lenzi.

Darubini ya angani ya Hubble nayo vioo vyake viliinama?

Hapana. Kifaa cha kupimia kioo chake kilipangwa vibaya kwa milimita 1.3, kikasababisha kioo kisuguliwe kwa umbo lisilo sahihi. Hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Mwaka 1993 wanaanga walifunga vioo vidogo vya kusahihisha. Darubini nyingine ya angani, James Webb, ndiyo iliyokuwa na tatizo kama lako: mwanzoni mwa 2022 vipande 18 vya kioo chake kikuu vilionyesha nyota moja mara 18, mpaka injini ndogo nyuma ya kila kipande zilipovipanga.