Re: Ndege mweusi na mweupe mwenye "pembe" juu ya mdomo, ndiye anayemaliza vifaranga vyangu?

Mkuu, huyo uliyemwona Entebbe ni hondohondo. Waganda wanamwita eŋŋaaŋa, na uko ukoo mzima ambao yeye ni mwiko wao, kwa hiyo usimrushie mawe ovyo.

Vifaranga vyako mtafute mwewe. Hondohondo ni mtu wa matunda, hasa kuyu. Sisemi ni malaika: viota vya kwera anavipekua, mayai na makinda anameza, na wadudu pia. Ila kushuka uani kukimbizana na kuku, mimi sijaona, na nimekaa nao miaka 6 hapa Masindi, jirani na msitu wa Budongo.

Mwaka juzi dume na jike walichukua tundu kwenye mvule nyuma ya nyumba. Dume anameza udongo, anarudi kuutema kidonge kidonge pale tunduni, jike aliye ndani anaukandika kwa ubavu wa mdomo mpaka ukabaki ufa wa kupitisha ncha tu. Majirani wanasema mume ana wivu, kamfungia mke. Wapi! Fundi ni mke mwenyewe. Humo ndani anakaa kama miezi 4, anaatamia na kulea, chakula chote kinaletwa na dume. Asubuhi moja nikiwa na chai yangu nilimhesabia kuyu 31 kwa safari moja: anatikisa kichwa, moja inapanda kutoka kooni hadi nchani, anaipitisha ufani, anatikisa tena. Chini ya mti mbegu zilikuwa zimejaa, nyingine zimeshaota.

Kelele zake unazijua, kama mtoto anayelia kwa hasira. Hata mabawa yanavuma, utamsikia kabla hujamwona. Hiyo pembe isikutishe, ni nyepesi. Ya dume ni kubwa kuliko ya jike.

Makazi yake ni msituni na kwenye miti mikubwa ya pembezoni, lakini mijini pia anakaa mradi mikuyu na miti yenye matundu haijakatwa. Ndiyo maana kwenu Entebbe hawakosekani.

Huku Budongo yupo na mwenzake wanayefanana. Wako akiruka bawa lina weupe mpana; yule mwingine mabawa karibu yote ni meusi, na mkia ni mweupe wenye mkanda mweusi katikati. Ukipata picha ya mkia, iweke hapa.