Kazi ya chuo kwenye lishe ya michezo na fiziolojia ya mazoezi: anzia kwenye vipimo

Mkuu, umeuliza: una shahada ya lishe, unataka kuwa mhadhiri na mtafiti wa lishe ya michezo na fiziolojia ya mazoezi, na hujui uanze na kozi ya mtandaoni, uzamili wa hapa nyumbani au usubiri ufadhili wa nje. Kwa maoni yangu anza na vipimo. Anayepewa nafasi ya PhD na kuitwa kwenye miradi ni yule ambaye namba zake zinaaminika, na hilo unaweza kuanza kulijenga sasa, kabla hujalipa ada ya mtu yeyote.

Kwanza ujue pengo lako. Aliyetoka lishe anajua chakula na biokemia yake, ila misuli, moyo na mapafu wakati wa mazoezi amevipitia juu juu. Aliyetoka elimu ya viungo ni kinyume chake. Wote wawili kwa kawaida wanakwama kwenye takwimu. Wewe tafuta darasa la fiziolojia ya mazoezi la mwaka wa tatu, uombe kuhudhuria hasa maabara yake, na ujifunze programu ya takwimu ya R, ambayo ni ya bure.

Kama unalenga vyuo vya umma vya Tanzania, angalia GPA yako leo. Matangazo ya nafasi za mhadhiri msaidizi huwa yanataka 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye uzamili, na ile ya kwanza hairudiwi. Watu wamemaliza uzamili vizuri kabisa, wakazuiwa na GPA ya miaka mitano nyuma. Kenya msukumo mkubwa uko kwenye PhD, na ukitaka pia kushauri wateja kule ni lazima usajiliwe na KNDI, taasisi inayosimamia wataalamu wa lishe. Diploma ya lishe ya michezo ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ni nzuri, inachukua miaka 2 kwa masafa, lakini inakuandaa zaidi kuhudumia wanamichezo. Haichukui nafasi ya tasnifu.

Sasa vipimo. Chukua utafiti wa Onywera, Kiplamai, Boit na Pitsiladis uliochapishwa 2004, kuhusu chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu wa Kenya kwa siku 7. (Boit ni yule Mike Boit wa shaba ya mita 800, Munich 1972, aliyekuja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta.) Walipata wanga gramu 10.4 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, sawa na asilimia 76.5 ya nishati yote. Nishati iliyoliwa ilikuwa wastani wa kilokalori 2,987, na iliyotumika 3,605. Uzito ulishuka kutoka kilo 58.9 hadi 58.3 ndani ya wiki. Usome mara mbili, kisha ujiulize: wewe ungepimaje ugali wa watu wanaokula pamoja?

Hapo ndipo wengi wanaharibu. Wanamuuliza mwanamichezo "jana ulikula nini?", anajibu "ugali na sukuma," wanaandika sahani moja. Kambini watu wanakula sinia moja. Unatakiwa upime sufuria tupu, upime unga, maji na mafuta vinavyoingia, upime ugali ulioiva, kisha kila mtu akatiwe pande lake na lipimwe, na mabaki yapimwe pia. Unga mkavu una kilokalori kama 350 kwa gramu 100. Ugali ulioiva, kwa sababu ya maji, ni chini ya nusu ya hapo. Ukichukua namba ya unga ukaizidisha kwa uzito wa ugali, umemlisha mtu mara mbili kwenye karatasi. Chai nayo husahaulika: vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vya sukari, kijiko gramu 5, ni gramu 60 za wanga ambazo hakuna anayezitaja kama chakula. Tumia majedwali ya virutubisho ya Tanzania ya 2008 au ya Kenya ya 2018. Programu za simu za Marekani hazijui makande.

Kosa dogo hapa linageuza hitimisho zima. Siku hizi swali kubwa, hasa kwa wakimbiaji wa kike, ni nishati inayobaki kwa ajili ya mwili baada ya mazoezi. Unachukua nishati iliyoliwa, unatoa iliyotumika mazoezini, unagawanya kwa kilo za mwili zisizo mafuta. Chini ya kilokalori 30 kwa kilo ni eneo la hatari kwa homoni na mifupa, na 45 ndiyo huhesabiwa kuwa ya kutosha. Mwanariadha mwenye kilo 42 zisizo mafuta, amekula kilokalori 2,200, ametumia 900 mazoezini: anabaki na 31. Ukisahau kuandika chai na kipande cha chapati, tuseme kilokalori 300, anasomeka 24. Umemtangaza mgonjwa kwa sababu hukuuliza kuhusu sukari.

Kipimo cha matumizi ya juu ya oksijeni (VO2max) kina mtego ambao waandishi wa vitabu vya Ulaya hawausisitizi, kwa kuwa wengi wao wanaishi karibu na usawa wa bahari. Mashine inayopima hewa anayopumua mtu inahitaji mgandamizo wa hewa halisi wa mahali ulipo. Namba inayotolewa na utabiri wa hali ya hewa huwa imerekebishwa kuwa ya usawa wa bahari, yaani karibu milimita 760 za zebaki. Nairobi namba halisi ni karibu 620, Iten, mji wa wakimbiaji kwenye nyanda za juu za Kenya, karibu 570. Ukiingiza 760 ukiwa Nairobi, matokeo yanapanda kwa karibu robo: mtu wa mililita 65 kwa kilo kwa dakika anasomeka 80, na unadhani umevumbua bingwa. Iten yanapanda kwa zaidi ya theluthi. Nunua baromita yako, na uandike namba yake kwenye fomu ya kila jaribio. Halafu ufanye kalibresheni, yaani kuirekebisha mashine kwa vipimo vinavyojulikana, kabla ya kila mtu, bila kuruka: sirinji ya lita 3 kwa ujazo, hewa ya nje (oksijeni asilimia 20.93), kisha mtungi wa oksijeni asilimia 16 na kaboni dioksidi asilimia 4. Mtungi ukiisha, simamisha jaribio. Kukisia ni kuharibu data ya siku nzima.

Kama huna mashine, bado una kazi. Kalipa ya mikunjo ya ngozi, yaani kibano cha kukadiria mafuta ya mwili, ni rahisi kuipata, na cheti cha ngazi ya 1 cha ISAK, chama cha kimataifa cha upimaji wa mwili, kinatambulika kimataifa. Pima upande wa kulia, weka kalipa sentimita 1 kutoka kwenye vidole, soma baada ya sekunde 2. Zunguka sehemu zote 8 kwanza ndipo urudie. Ukirudia palepale, ngozi imeshabonyea na wewe bado unaikumbuka namba. Usipime baada ya mazoezi. Kisha ujikague: watu 20, kila mmoja mara mbili, chukua tofauti, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, gawanya kwa 40, tafuta kipeo cha pili, gawanya kwa wastani, zidisha kwa 100. Hiyo ndiyo asilimia ya kosa lako wewe. Wengi hawajawahi kuijua yao.

Vibali vianze mapema kuliko unavyodhani. Kenya ni kamati ya maadili ya taasisi kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Tanzania, utafiti unaogusa afya unapitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) au kamati ya taasisi inayotambulika, na mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Damu au mkojo ukienda maabara ya nje, kuna mkataba wa kuhamisha sampuli, na humo ndani hakikisha jina lako limeandikwa kwenye mpango wa uchapishaji. Vijana wetu wengi wamekusanya data ya mtu mwingine wakaishia kushukuriwa kwenye aya ya mwisho.

Kuhusu msimamizi wa nje: usitume barua pepe ya "nina shauku". Tuma ukurasa mmoja wenye swali moja, jedwali la data ndogo ya majaribio kutoka klabu ya mtaani kwako, asilimia ya kosa lako la kipimo, na sentensi mbili za kwa nini maabara yake ndiyo yenye kifaa unachokosa. Ambatanisha na faili la R ili yeye mwenyewe aweze kurudia hesabu yako.