Kwa Mnaoanza Kuchora Vitu vya Mezani: Jifunzeni kwa Peploe

Ndugu zangu mnaoanza kuchora vitu vya mezani, yaani matunda, maua na vyombo, nawaomba mzitazame kwa makini kazi za Samuel John Peploe, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1871. Picha zake nyingi za mezani za kabla ya 1910 zina giza zito nyuma, na mwanga hung'aa pale tu unapogusa birika la fedha au kitambaa cheupe, kwa rangi nene iliyopakwa upesi. Ni kazi nzuri sana, na zilikuwa na wanunuzi.

Mwaka 1910 alihamia Paris, ambako rafiki yake J. D. Fergusson, mchoraji Mskoti mwenzake, alikuwa ametangulia, akakaa huko hadi 1912. Matunda na vyombo vilibaki mezani, lakini giza likaondoka, rangi zikawekwa safi bila kufifishwa, na vitu vikazungushiwa mistari mizito. Zingatieni kwamba haikuwa mara yake ya kwanza kufika Paris, kwa kuwa alikwisha kusoma huko katika miaka ya 1890 na bado akarudi na kuendelea kuchora kwa giza lile alilolipenda kwa wachoraji mabingwa wa Uholanzi wa zamani na kwa Mfaransa Manet. Naamini safari hii ya 1910 ilimbadilisha kwa sababu alikwenda kuishi na kufanya kazi miongoni mwa wenzake, akiwa fundi aliyekomaa.

Mimi nilipokuwa najifunza nilitia nyeusi katika kila kivuli. Siku moja niliweka limau juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, nikalitazama karibu saa nzima bila kushika brashi, ndipo nilipoona kwamba upande wake wenye kivuli ulikuwa na ukijani, na kitambaa kilichokuwa chini yake kilikuwa kimeazima umanjano wake.

Msidhani mabadiliko hayo hayana gharama. Peploe aliporejea Edinburgh, mfanyabiashara wa sanaa aliyezoea kumuuzia picha zake alizikataa zile mpya, naye hakurudi kwenye giza. Aliendelea na tulipu na waridi zake, akivipanga vyombo kwa uangalifu mkubwa kabla ya kuanza kuchora.

Kwa hiyo, kabla hamjatafuta nauli ya kwenda Paris, iondoeni nyeusi kwenye vivuli vyenu kwa mwezi mzima, mkalichore limau moja asubuhi na jioni, dirisha lilelile.