Tsunami bila tetemeko, kompyuta inaijuaje?

SWALI: Mambo mhariri, nimesikia eti tsunami inaweza kuja bila tetemeko, mlima tu ukimeguka, na kuna watu wanaipigia hesabu kwenye kompyuta kabla haijatokea. Kweli au stori tu? Msomaji, Tanga

JIBU: Kweli kabisa ndugu yangu. Cheki Anak Krakatau kule Indonesia, usiku wa 22 Desemba 2018 ubavu wa volkano ulimeguka ukazama baharini, watu zaidi ya 400 wakafa, na mitambo ya tahadhari ilikuwa inasubiri tetemeko so ikakaa kimya. Na wanasayansi walishaiga poromoko la mlima huohuo kwenye kompyuta wakachapisha 2012! Wanaingiza ramani ya sakafu ya bahari iliyogawanywa vipande vidogovidogo, wanaachia udongo uteremke kama uji mzito, halafu programu inakokotoa sekunde baada ya sekunde maji yanasukumwa wapi na yanapanda kiasi gani. Siku ya kuporomoka ndo haisemi, hapo watu wanadanganyana sana. Ishu kubwa ni kukisia ukubwa wa kipande, na kama kitadondoka kwa mpigo au kidogokidogo, ukikosea hapo wimbi lote linatoka feki.