Usilipie hilo furushi kabla hujaona kurasa za mwisho

Mkuu, usilipe. Umesema unatafuta riwaya mpya za mafumbo ya dini na njama za kihistoria, na kwamba jioni hii unalipia furushi zima la vitabu kwa sababu kila jalada linamtangaza mtunzi wake kuwa mrithi wa Dan Brown, yule aliyeandika The Da Vinci Code. Tuanze na hilo furushi.

La namna hiyo nililinunua mimi. Aliyenishawishi ni mchambuzi mmoja wa vitabu mwenye chaneli ya video, ambaye kila riwaya kwake ni ile itakayoitikisa Vatikani. Vatikani haikutikisika; kilichotikisika ni mshahara wangu, maana gharama ya kusafirisha mzigo hadi Dar es Salaam ilizidi bei ya vitabu vyenyewe. Nilipofungua boksi nikakuta riwaya ileile imevishwa majalada mbalimbali: msomi anauawa usiku katika ukurasa wa kwanza, profesa anaamshwa kwa simu, mwanamke mrembo mwenye shahada ya lugha za kale anajitokeza, kisha wanaingia Watemplari, wale watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba. Hakuna kitabu ambacho hawakuingia.

Hasara ya fedha niliimeza. Iliyonikwama kooni ni nyingine, na ndiyo inayonifanya niandike kwa ukali huu. The Da Vinci Code, iliyotoka mwaka 2003, inafunguliwa kwa ukurasa unaodai kueleza mambo ya hakika: kwamba chama cha siri cha Priory of Sion ni cha kweli na kiliasisiwa mwaka 1099, na kwamba mwaka 1975 Maktaba ya Taifa ya Paris iligundua nyaraka zinazowataja Newton, Botticelli, Victor Hugo na Leonardo da Vinci kuwa wanachama. Mchambuzi wetu aliusoma ukurasa huo kwa sauti ya kutangaza msiba, akaapa kwamba amefanya utafiti. Nami nikaubeba mzimamzima hadi kwenye jumuiya, na baada ya rozari nikawahubiria wazee wa watu kuhusu mabwana wakuu wa Sayuni, yaani hao wa Priory of Sion, mmoja baada ya mwingine. Katekista mstaafu aliniacha nimalize, akaweka kikombe chake cha chai chini, akaniuliza kwa upole kama namfahamu Pierre Plantard.

Sikumfahamu. Plantard ni Mfaransa aliyekisajili chama hicho mwaka 1956, katika mji mdogo wa Saint-Julien-en-Genevois, karibu na mpaka wa Uswisi. Nyaraka za Paris ziliingizwa maktabani katika miaka ya 1960 na kundi lake mwenyewe, na rafiki yake Philippe de Chérisey ndiye aliyetengeneza hati bandia zilizodaiwa kuwa za kale. Mambo hayo yote yalikuwa yamekwisha kuandikwa Ufaransa kabla riwaya haijatoka, kwa hiyo huo utafiti alioapa yule bwana sijui aliufanyia wapi. Mimi ndiye niliyebaki na jina: hadi leo nikichelewesha mchango wa jumuiya, mweka hazina huuliza kama Sayuni imefilisika.

Kwa hiyo kabla hujanunua, fungua kurasa za mwisho utafute maelezo ya mtunzi, pale anapotenganisha alichokikuta kwenye kumbukumbu na alichokitunga. Steve Berry huyaweka, hata katika The Templar Legacy ya mwaka 2006, ambayo imejaa Watemplari hao hao. Unawafurahia ukijua ni wapi wanapoishia. C. J. Sansom naye ameyaweka mwishoni mwa Dissolution, inayomfuata mwanasheria mwenye kibiongo, aliyetumwa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, mwaka 1537 kuchunguza mauaji ndani ya monasteri ya Uingereza, wakati ambapo monasteri zenyewe zinafungwa na mali zake kutwaliwa na mfalme. Hapo njama ni ya serikali, kwa mihuri na barua rasmi, na inatisha kuliko kikombe chochote kitakatifu kinachosakwa katika riwaya hizo nyingine.

Anayesamehewa kanuni hii ni Umberto Eco peke yake. Katika Foucault's Pendulum, ya mwaka 1988, wahariri watatu wa Milano wanaunga Watemplari na kila siri ya dunia kuwa njama moja, kwa mzaha tu, kisha wanatokea watu wanaouamini mzaha huo. Najua umetaka riwaya mpya, lakini usiyoisoma ni mpya kwako, na ningeisoma hiyo kwanza nisingeitwa Sayuni.

Mwandikie muuzaji sasa hivi akupigie picha kurasa za mwisho za kila kitabu kilichomo kwenye furushi. Akikutumia tena picha za majalada, achana naye.