Usiruke kitabu cha pili

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuacha kusoma Catching Fire, kitabu cha pili cha mfululizo wa The Hunger Games, alichokitoa Suzanne Collins mwaka 2009, ukatazame tu filamu yake ya 2013, maadamu kitabu cha kwanza umeshakimaliza. Nakusihi, soma kwanza.

Kitabu chote anasimulia Katniss mwenyewe, yule msichana mhusika mkuu, kwa hiyo unajua anachokijua yeye tu, na hofu yake unalala nayo. Filamu ya Francis Lawrence inakutoa kichwani mwake na kukupeleka kwa Rais Snow, mtawala adui yake, ukasikia njama zinavyosukwa. Inasisimua, ila kule kupapasa gizani pamoja naye kunapotea. Tena imewaacha kabisa Bonnie na Twill, watoro wawili anaowakuta msituni, wamemnyooshea kipande cha mkate chenye alama ya ndege. Kurasa hizo nilizirudia usiku uleule.

Ukimaliza, itafute filamu kwenye skrini kubwa. Pale Katniss anapopandishwa uwanjani, kwenye michezo ya kuuana, maji yamemzunguka pande zote, picha inayashinda maneno. Muhtasari usiuguse kabla. Na kitabu cha tatu kiwe karibu, maana hiki kinakatika ghafla mno.